Kuziba Ufa Hakutoshi

Jioni ya tarehe 27 Machi 1980, katika Bahari ya Kaskazini upande wa Norway, mtambo ulioitwa Alexander L. Kielland ulikatika mguu. Ulikuwa ukielea juu ya miguu mitano na ukitumika kama bweni la wafanyakazi wa visima vya mafuta. Jioni ile walikuwamo watu 212. Nusu saa haikutimia, mtambo wote ukawa umepinduka miguu juu. Walikufa watu 123.

Wachunguzi waliufuata mvunjiko ule kinyumenyume, chuma kwa chuma, mpaka wakafika kwenye bomba moja kati ya yale yaliyoushikilia mguu uliokatika. Bomba hilo lilikuwa limetobolewa ili kuwekewa kishikio cha haidrofoni, chombo cha kusikilizia sauti chini ya maji. Kishikio chenyewe kilikuwa kitu kidogo. Hakuna aliyekihesabu kuwa sehemu ya kubeba mzigo, na kilichomelewa kwa mshono wa milimita 6 tu. Ufa ulianzia kwenye mshono huo. Na ndani ya ufa wachunguzi walikuta rangi.

Msomaji asiipite haraka habari hiyo. Rangi haiingii ndani ya chuma kizima. Ufa ule ulikuwapo tangu kiwandani, siku fundi alipopitisha brashi juu yake. Chuma kikapakwa, kikang'aa, kikakabidhiwa, kikaenda baharini na ufa wake tumboni. Kwa karibu miaka minne kila wimbi lililopiga liliurefusha kidogo, hadi likaja wimbi la jioni ile.

Wahenga walituachia methali ambayo mtoto wa shule huimaliza kabla mwalimu hajafika katikati: usipoziba ufa utajenga ukuta. Ni kweli kwa nyumba ya udongo. Lakini kwa chuma, jarida hili linasema bila kigugumizi, tumeifanya methali hiyo kuwa kichaka cha kujifichia. Tunaziba. Tunaziba kwa rangi, kwa kiraka, kwa mshono mpya juu ya mshono wa zamani, kwa saini chini ya fomu. Tukishaziba tunahesabu kwamba wajibu umetimizwa, ilhali hakuna aliyeuliza ufa ule ulitoka wapi na unaelekea wapi. Ufa wa bomba lile la Norway ulizibwa vizuri sana.

Tueleze kwanza namna chuma kinavyokufa, kwa sababu wengi wetu tunadhani chuma huvunjika kwa kuzidiwa nguvu siku moja, kama mtu aliyebebeshwa gunia asiloliweza. Mara nyingi sivyo. Fundi nondo asiye na koleo hukata waya wa kufungia kwa kuukunja na kuukunjua mara kumi au kumi na tano. Hakuna mkunjo hata mmoja kati ya hiyo wenye nguvu ya kuukata. Waya unakatika kwa sababu unakumbuka mikunjo yote. Wahandisi wanauita uchovu wa metali, na tofauti na uchovu wa mwanadamu, huu hauponi kwa kupumzika. Lori likilala gereji mwezi mzima, ekseli yake inaamka na ufa uleule iliolala nao.

Elimu hii si mpya. Tarehe 8 Mei 1842, treni iliyokuwa ikitoka Versailles kurudi Paris ilivunjika ekseli ya kichwa chake. Mabehewa yalipandiana na kushika moto, na milango ilikuwa imefungwa kwa nje. Walikufa zaidi ya watu 50, akiwamo msafiri mashuhuri wa baharini, Jules Dumont d'Urville. Watu wa wakati ule waliamini kwamba chuma hubadilika asili yake kwa uzee kikawa kama chumvi ya mawe. Mwaka uliofuata Mskoti William Rankine alionyesha kwamba ekseli hupasuka kuanzia nje, pale unene wake unapobadilika ghafla kwa pembe kali, na kwamba ufa huingia ndani pole kwa pole. Baada yake, katika reli za Prussia, August Wöhler alitumia miaka mingi ya 1850 na 1860 kuzungusha vyuma kwenye mitambo mpaka vikatike, akihesabu mizunguko. Aligundua kwamba chuma kina kiwango cha mzigo ambacho chini yake kinaweza kuzunguka bila kuchoka, na juu yake siku zake zinahesabika. Alumini ya ndege haina hata kiwango hicho: kila safari inakatwa kwenye akaunti yake.

Ekseli iliyokatika kwa uchovu inabeba ushahidi usoni pake. Igeuze uitazame pale ilipokatikia. Upande mmoja ni laini, umepiga weusi wa kutu na mafuta, una mistari myembamba iliyopinda, mmoja nyuma ya mwingine, kama ile ambayo maji huiacha mchangani yanapokupwa. Kila mstari ni mahali ambapo ufa ulisimama kabla ya kusonga tena. Upande wa pili unang'aa na una chembechembe kali: hapo ndipo chuma kilichobaki kilikatika kwa mkupuo mmoja. Mtu aliyefunzwa akiushika uso huo anajua ufa ulianzia wapi. Na eneo la weusi likiwa kubwa, anajua pia kwamba ufa ule ulikaa muda mrefu ukimsubiri mtu auone.

Muda huo ndio tunaouzungumzia katika tahariri hii. Kati ya ufa kuanza na chuma kukatika pana wiki, miezi, pengine miaka. Muda huo una wenyewe: aliyechora, aliyechomelea, aliyekagua, aliyeweka saini, anayemiliki na anayeendesha. Hauna mwenyewe mwingine.

Tazameni ulivyotumiwa. Ndege ya Comet yenye usajili G-ALYP ndiyo iliyofungua safari za abiria kwa jeti duniani, tarehe 2 Mei 1952, kutoka London kwenda Johannesburg, na njiani ilitua Entebbe, hapa kwetu. Tarehe 10 Januari 1954 ndege hiyohiyo iliondoka Roma ikapasuka hewani karibu na kisiwa cha Elba. Walikufa wote 35. Safari zikasimamishwa, wataalamu wakaketi, wakarekebisha kila walichodhani kingeweza kuwa chanzo. Chanzo chenyewe hawakuwa wamekijua. Tarehe 23 Machi ndege zikaruhusiwa kuruka tena. Tarehe 8 Aprili, siku kumi na sita baadaye, Comet nyingine iliyokuwa imetoka Roma kwenda Cairo ilianguka baharini karibu na Naples, na watu 21 wakafa.

Hapo ndipo kazi ya kweli ilipofanyika. Huko Farnborough, Uingereza, mwili wa Comet nyingine uliwekwa ndani ya tangi kubwa la maji, ukajazwa maji na kupunguzwa, ukajazwa na kupunguzwa, ili kuiga hewa inayoujaza ndege inapopaa na kuuacha inapotua. Baada ya mizunguko 3,057, pamoja na safari ilizokuwa imeruka kabla ya jaribio, ukuta wake ulipasuka kuanzia kwenye kona ya tundu lililokatwa ubavuni. Mabaki ya G-ALYP yaliyoopolewa baharini yakathibitisha jambo lilelile. Hatuwabezi wahandisi wale. Walikuwa wakipita njia ambayo haijawahi kupitwa na mtu, na uchunguzi wao umeokoa maisha ya mamilioni ya wasafiri tangu hapo. Lakini watu 21 wa Naples walikufa katika pengo lililopo kati ya kurekebisha na kujua.

Mfano wa Japani ni mzito zaidi, kwa sababu pale elimu ilikuwapo na kazi ikafanywa vibaya. Mwaka 1978 ndege ya Boeing 747 ilikwaruza mkia wakati wa kutua Osaka, ukuta wa nyuma unaozuia hewa ya ndani isitoke ukaharibika. Matengenezo yalitaka bamba moja zima la kuunganishia, ili mzigo ugawanywe kwenye safu mbili za ribiti. Bamba likawekwa vipande viwili. Mzigo ukabaki kwenye safu moja. Kwa nje kazi ilionekana imekamilika, na ndege ikarudi angani, ikaruka zaidi ya safari 12,000. Tarehe 12 Agosti 1985 ukuta ule ulipasuka, mkia ukang'oka, na marubani walihangaika zaidi ya nusu saa na ndege isiyoongozeka kabla haijagonga mlima. Walikuwamo watu 524. Walipona wanne.

Fundi hawezi kusema hakujua kwamba mchoro ulitaka bamba moja. Mkaguzi hawezi kusema alikagua. Saini iliyowekwa juu ya kazi ambayo mwenye saini hakuitazama ni uongo, na ule uliua watu 520 baada ya miaka saba.

Si kila chuma kinatoa nafasi. Kipo kinachokatika kama sahani. Tarehe 16 Januari 1943, meli mpya ya mafuta, Schenectady, ilikuwa imefungwa gatini huko Portland, Marekani, maji yametulia, ikapasuka karibu vipande viwili kwa kishindo kimoja. Mwanasayansi wa Cambridge, Constance Tipper, ndiye aliyeonyesha kwamba chuma cha meli za Vita vya Pili vya Dunia kiligeuka kuwa chepesi kuvunjika kila baridi ilipozidi kiwango fulani. Na upo ufa ambao jicho halifiki: tarehe 15 Desemba 1967 daraja la Silver Bridge, kati ya majimbo ya Ohio na West Virginia, lilianguka mtoni na magari yake, wakafa watu 46, kwa ufa wenye kina cha milimita 2.5 uliojificha ndani ya kiungo. Usingeonekana bila kukifungua kiungo chenyewe, na kiungo kimoja kilipokatika hakuna kingine kilichobaki cha kulishika daraja. Katika hali kama hizi wajibu unarudi mezani kwa mchoraji. Asiweke uhai wa watu kwenye chuma ambacho hakuna atakayeweza kukikagua.

Kisha kuna mauti ya polepole kuliko zote, ambayo sisi hatuna mazoea ya kuiita mauti. Ubao wa kabati la vitabu unapinda katikati, mwaka huu kidogo, mwakani zaidi, na hakuna aliyeongeza kitabu. Mzigo ni uleule. Kinachoongezeka ni muda. Wahandisi wanauita mtambao. Mabomba ya mvuke kwenye mitambo ya umeme hutambaa hivyo kwa joto, yakivimba nywele kwa nywele, ndiyo maana hupimwa. Plastiki na gundi hutambaa hata bila joto kubwa.

Mjini Boston, Marekani, dari la zege la njia ya magari ya chini ya ardhi lilining'inizwa kwa vyuma vilivyogandishwa kwa gundi ya epoksi kwenye paa. Mwaka 1999, ujenzi ukiendelea, baadhi ya vyuma vilionekana vimeanza kuchomoka vyenyewe. Vikawekwa upya. Sababu haikutafutwa hadi ikajulikana. Magari yakaanza kupita mwaka 2003. Usiku wa tarehe 10 Julai 2006, zaidi ya tani 20 za zege zilianguka juu ya gari moja na kumuua mama aliyekuwa ndani. Bodi ya uchunguzi ya Marekani ilieleza kwamba gundi iliyotumika ilikuwa ya aina inayoshika haraka, isiyofaa kubeba mzigo wa kudumu. Ikaeleza pia kwamba laiti nafasi iliyo juu ya dari ingekaguliwa mara kwa mara, vyuma vilivyokuwa vikichomoka vingeonekana. Kwa miaka mitatu hakukuwa na utaratibu wa kupanda kutazama.

Sasa turudi nyumbani. Msibani huku kwetu husemwa kwamba ajali haina kinga. Jarida hili linaheshimu machozi ya wafiwa, lakini linaikataa kauli hiyo inapotamkwa na mtu mwenye dhamana.

Lori linaingia gereji saa kumi na mbili jioni, limetoka safari ndefu. Utingo amelala chini ya chesisi na tochi, ameona ufa karibu na kishikio cha springi, mrefu kama kidole. Dereva anampigia simu tajiri. Tajiri anauliza swali moja: kesho litatoka? Fundi anakata kipande cha bamba, anakilaza juu ya ufa, anachomelea pande zote nne, anapaka rangi nyeusi. Saa kumi alfajiri lori liko barabarani na shehena kamili. Hakuna aliyekuwa na nia mbaya pale. Wote walikuwa wakitafuta riziki, na wote wameuziba ufa.

Lakini chini ya kiraka ufa upo. Moto wa kuchomelea umekiacha chuma cha pembeni kikivutana, na kwenye ukingo wa mshono pana mahali papya pa kuanzia. Ufa utarudi hapo, na safari hii utakuwa umefunikwa. Fundi anayejua wajibu wake hutafuta kwanza mwisho wa ufa, akaufukua wote kwa jiwe la kusagia, ndipo achomelee. Na hata kabla ya hapo anauliza kwa nini chesisi imepasuka hapo na si kwingine: ni shehena iliyopita kiasi, bolti iliyolegea, au springi iliyokufa upande mmoja? Asipojibu hilo, hakuna alichotengeneza.

Tusiambiwe kwamba vifaa ni ghali. Karakana za reli zilitafuta nyufa za ekseli kwa mafuta na chokaa kabla hatujazaliwa. Safisha chuma, kipake mafuta ya taa, subiri yapenye, kipanguse kikauke kabisa, kisha kipake unga mweupe wa chaki. Baada ya muda mafuta yaliyojificha ndani ya ufa yatanyonywa na chaki, na mstari mweusi utajichora wenyewe, mwembamba kama unywele. Njia hii haionyeshi kila kitu, na ekseli ya treni au bawa la ndege vinahitaji vipimo vya sauti na vya sumaku. Lakini gereji isiyo na chupa ya mafuta ya taa na kipande cha chaki haipo Afrika Mashariki.

Kila mwaka, katika Siku ya Wahandisi, tunawaona wahandisi wa Tanzania wakila kiapo hadharani. Tunawakumbusha kwamba kiapo kile hakikutolewa kwa ajili ya siku za sherehe. Kinaanza kufanya kazi siku mteja anaposema mradi umechelewa, siku mkandarasi anapoleta chuma kisicho na cheti, siku bosi anaposukuma fomu mezani na kusema weka saini tu, vijana wameshaangalia. Mhandisi anayeweka saini siku hiyo amekivunja kiapo, hata kama daraja litasimama miaka hamsini.

Kwa wamiliki tunasema hivi: dereva anayekuja kukuambia gari lina ufa amekuletea habari yenye thamani kuliko hesabu ya siku. Ukimtukana, ukamtishia kazi, wa pili hatakuja. Utabaki na madereva wanaojua kunyamaza. Na kwa mamlaka zinazokagua mabasi, lifti, boila, vivuko na madaraja: ufa ukionekana uandikwe. Uandikwe urefu wake, mahali ulipo, tarehe na jina la aliyeupima, na ncha yake ipigwe alama kwenye chuma, ili anayefuata ajue kama umesogea. Tunataka daftari hizo zifunguliwe kwa umma kila baada ya maafa, na tunataka jina la aliyekagua mara ya mwisho lisomwe kwa sauti, kama tunavyosoma majina ya marehemu.

Tarehe 28 Aprili 1988, katika visiwa vya Hawaii, watu 95 walipanda ndege ya Boeing 737 iliyokuwa imekwisha kuruka safari 89,680. Ikiwa angani sehemu kubwa ya paa lake iling'oka, na mhudumu mmoja akavutwa nje, hakuonekana tena. Wengine wote walifika chini hai, wengi wakiwa na majeraha. Katika uchunguzi, abiria mmoja alieleza kwamba alipokuwa akipanda ngazi aliuona ufa kwenye mwili wa ndege, karibu na mlango. Hakumwambia mtu. Aliingia, akaketi, akafunga mkanda.

Wewe unayesoma haya, ukiuona ufa kwenye basi, kwenye kivuko au kwenye ngazi za jengo, usipande kwanza. Mwite kondakta, mwite nahodha, mwite mlinzi wa jengo, umwonyeshe kwa kidole, na usimame hapo mpaka mtu mwenye dhamana aje kutazama.